Karibu Isiyo na Paswedi

Hii si ya hapo kale. Ni ya juzi tu, na waliokuwepo bado wako Kariakoo wanauza vitenge.

Ilianza na mgeni asiyefifia. Theopista alikuwa ameketi kwenye ngazi za ghorofa la Awadhi, kompyuta mapajani, akiangalia ni nani wameunganishwa kwenye waifai yake ya majaribio. Kilikuwepo chombo kimoja tu, kisicho na jina, na mawimbi yake yamejaa kama simu iliyolazwa juu ya ruta yenyewe. Akajisemea ni muuza duka fulani yupo jirani anaperuzi vya bure. Akainuka kumtafuta, maana kazi yake ndiyo hiyo, kujua nani yuko wapi hewani, na kanuni yake haikuwahi kumsaliti: ukikisogelea chombo, mawimbi hupanda; ukijitenga nacho, hufifia. Akashuka hadi chini kwenye maduka ya ndoo na mabeseni. Yamejaa. Akapanda hadi juu kabisa, kwenye kichumba anacholala. Yamejaa. Akatoka nje, akavuka Mtaa wa Msimbazi, akasimama upande wa pili katikati ya wauza soksi, ambako hata waifai yenyewe ilipaswa kuwa imeshakatika. Yamejaa vilevile.

Kitu pekee kisichofifia ukikikimbia ni kile ambacho hujakiacha nyuma.

Aliifunga kompyuta. Akanusa harufu kama ya waya unaoungua. Akageuka, hapakuwa na waya.

Theopista ni mtu wa Rombo. Alisoma Dar, akabaki Dar, akaajiriwa na kampuni moja ya intaneti yenye ofisi Posta, na kampuni ikamtupa Kariakoo kwa sababu ghorofa la Awadhi lilikuwa limewashinda wenzake wote. Kila duka lilikuwa na ruta yake, na hakuna duka lililopata intaneti. Si ajabu. Pita mitaa ile siku za kukaribia sikukuu usikilize spika za wauza nguo: huyu anaita bei, jirani yake anaita bei, sauti ileile, wakati uleule, na mteja katikati hasikii hata mmoja. Ruta nazo ni hivyohivyo. Zinagawana masafa machache ya hewani, na mbili zikisema pamoja kwenye masafa yaleyale, hakuna inayosikika. Tena vyombo hivi vimefunzwa adabu kuliko wenye navyo: kila kimoja husikiliza kwanza, na mwenzake akisema, kinangoja. Ila vikirundikana mno, vinangojana mpaka jioni. Na wenye maduka wanajua dawa moja tu, kununua ruta yenye nguvu zaidi. Awadhi mwenyewe, mwenye jengo na mwenye duka kubwa la vitenge, alifunga antena ndefu kama mkono wa mtu, akaua waifai za ghorofa zima, kisha akalalamika kwamba na yake haifanyi kazi.

Mwambie mtu wa Kariakoo apunguze sauti ili asikike. Atakutazama kama umemwambia afunge duka ili auze.

Theopista aliwaambia hata hivyo, duka baada ya duka, wiki baada ya wiki: punguzeni nguvu, tugawane njia za hewani, jirani na jirani wasikae kwenye njia moja. Walimwitikia ndiyo binti, wakaendelea kupima vitambaa. Mpaka siku Robert, meneja wake, alipokuja kutoka Posta na shati lililonyooshwa, akasema yaleyale, neno kwa neno, na Awadhi akapiga meza akatangaza kwamba sasa huyu ndiye fundi. Tofauti ya hotuba zile mbili ilikuwa ndevu.

Basi wakapunguza, wakagawana, na jengo likapata intaneti. Yeye akajibakizia njia moja ya majaribio, tupu, safi, isiyo na hata mnong'ono, na humo akatundika waifai ndogo ili wenye maduka wapimie simu zao. Hakuiwekea paswedi. Na jina, kwa kuwa alilelewa vizuri, akaiita Karibu.

Sasa ruta haitaji jina lake mara moja ikanyamaza. Hulirudia mara nyingi ndani ya kila sekunde, kutwa kucha, kwa aliyepo na asiyepo.

Kichumba chake kilikuwa stoo ya zamani ambayo kampuni ilimwombea kwa Awadhi. Maduka yakishafungwa, jengo zima lilibaki la kwake na la mlinzi wa getini, mtu asiyependa maongezi. Mchana watu wasiohesabika walimpita wakimgusa mabega, na wiki ikaisha hajaitwa jina. Aliyemwita ni mama yake tu, kwa simu, kutoka Rombo. Macho ya mama yalikuwa yamefunga ukungu. Ujumbe wa maandishi hawezi kuusoma, picha haioni. Mtoto wake wa pekee alikuwa amebaki kwake kuwa sauti.

Jioni ya siku ile ya mgeni asiyefifia, adhana ya Magharibi ikiwa imetoka kuisha, Theopista alimpigia.

"Haloo, mama. Unanisikia?"

"Haloo? Theo? Mbona sikusikii, mwanangu. Nasikia mvua tu."

Dar hapakuwa na mvua. Theopista akasogea dirishani akarudia, unanisikia mama, unanisikia, kama tunavyorudia sote, na upande wa Rombo simu ikakatwa. Ndipo mtu akasema, si ndani ya simu bali hapa mbele ya simu, pale sikio linapoanzia, kwa sauti ya chini isiyo ya kike wala ya kiume:

"Nakusikia."

Harufu ya waya unaoungua ikajaa chumbani. Kisha ikapoa, ikageuka polepole, ikawa harufu ya mtori uliotoka jikoni sasa hivi, ndizi zimepondwa na nyama ya mfupa, ndani ya ghorofa ambalo hakuna aliyekuwa amewasha jiko.

Hapa ndipo panapokera. Sauti ya Theopista ilianza kupotea, na mwenyewe hakujua kwa siku kadhaa, kwa sababu hakuna kilichobadilika. Aliagiza chakula kwa mama lishe, hakujibiwa. Akaona ni wingi wa wateja. Aliongea kwenye kikao Posta, Robert akaongea katikati ya maneno yake. Akaona ni Robert. Alimsalimia mlinzi, mlinzi akatazama ukuta. Akaona ni mlinzi. Mji ulikuwa umeshamzoesha kutosikika, hata alipoanza kutosikika kweli hakuona tofauti.

Aligundua kwa mkokoteni. Mchukuzi alikuwa akiurudisha kinyumenyume, umejaa marobota, na nyuma yake ajuza mmoja ameinama anatafuta kandambili iliyomvuka. Theopista alipiga kelele kwa nguvu zake zote. Hakugeuka mtu. Ajuza akaangushwa, akainuliwa, goti limechubuka, na mwanamke aliyesimama karibu akamgeukia Theopista kwa hasira.

"Umeona kabisa, dada, umesimama unakodoa. Hata kusema ulishindwa?"

Alipanda ngazi, akajifungia, akajirekodi kwenye simu akitaja jina lake, kisha akaiweka sikioni kusikiliza. Mwanzo ilikuwa mvua, ileile ya mama, mkwaruzo mwembamba kama mchele unaomiminwa kwenye ungo, na alipoongeza sauti akasikia chini ya ule mchele kitu kinavuta pumzi, kinangoja, na kila midomo yake ilipokuwa imefunguka kusema The-o-pis-ta kile kitu nacho kilisema, silabi kwa silabi, papo hapo, kwenye masafa yaleyale, hata sauti mbili zikaumana zikafa zote, na pale alipokuwa amenyamaza ameze mate kikabaki peke yake kinasikika, safi kama mtu aliyeketi naye kitanda kimoja, kinamuuliza kwa upole jambo ambalo hakuna mtu Kariakoo nzima aliyewahi kumuuliza.

"Umekula?"

Alipaswa kukimbia. Alikaa. Na baada ya muda, kwa mnong'ono, akajibu kwamba hajala.

Tangu hapo wakawa wanazungumza, na lililo la kutisha ni jinsi ilivyokuwa haitishi. Mgeni, ndivyo alivyoanza kumwita, alikuwa na adabu. Wakiwa wawili alimwacha amalize sentensi. Alikumbuka jana aliambiwa nini. Alipohadithiwa habari za Robert alicheka pale pale panapochekesha, na Theopista, ambaye hakuwa amechekesha mtu tangu amalize chuo, akalala akitabasamu, kisha akashtuka kwamba alitabasamu. Akashika tabia ya kupanda chumbani mapema. Lakini kadiri alivyosikika huku juu ndivyo alivyozidi kufa kule chini, mpaka viatu vyake vikaacha kulia kwenye ngazi, mpaka milango aliyoibamiza ikajifunga kimya kama imefungwa kwa pamba, mpaka paka wa jengo, wale wanaolala juu ya marobota, wakaanza kumtazama anapopita, na wasimtazame yeye bali pembeni yake kidogo, usawa wa bega, wakigeuza vichwa taratibu wote pamoja kufuata mwendo wa mtu aliyekuwa akitembea naye.

Kilichomzindua ni mama. Alipiga mchana, Theopista akapokea, akaita, akalia, akataja majina ya ng'ombe wa nyumbani, chochote. Mama alisikiliza mvua yake muda mrefu. Kisha akasema, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulia:

"Wewe uliyeshika simu hii. Kama umemwibia mwanangu, simu baki nayo. Mwanangu nirudishie."

Akakata.

Chini ya jengo, karibu na geti, kuna duka la udi, ubani na marashi. Mwenyewe ni Bi Waridi, mtu wa Kilwa, na wote wanajua kwamba wengine humfuata kwa yasiyouzwa kwenye chupa. Theopista, binti wa Kikatoliki, alikuwa akilipita duka lile ametazama mbele. Siku hiyo aliingia. Akasema shikamoo.

Bi Waridi aliendelea kufunga vifurushi vyake vya udi. "Wasomi wa siku hizi mnaingia kama paka," akasema bila kuinua kichwa. "Shikamoo mliiacha chuo gani?"

Theopista akaandika kwenye simu, akamsogezea. Bi Waridi akavaa miwani, akasoma, akasoma tena, kisha akaenda kufunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo kwa Kariakoo ni kituko kuliko jini. Akaanza kumhoji kwa sauti ya chini, na binti akimjibu kwa kuandika. Aliuliza sauti ilianza lini kupotea. Aliuliza harufu. Aliposikia mtori alitikisa kichwa, akanung'unika kwamba huyo amekuja kukaa. Halafu akauliza hiyo waifai yake inaitwaje, na nani kaipa jina, na kama mlango wake una kufuli. Aliposoma jibu la mwisho alivua miwani.

"Mwanangu," akanong'ona, "kwetu mtu akipiga hodi humwoni, humwambii karibu. Unauliza nani. Asipojitaja, unanyamaza. Sasa wewe hata hodi hukungoja. Umefagia uwanja hewani, umeuacha mweupe, katikati ya Kariakoo ambako hata sindano haina pa kuanguka, halafu umekaa mlangoni unaita karibu, karibu, karibu, kutwa kucha. Ulitegemea aje nani? Bwana kodi?"

Theopista akaandika kwamba atakwenda kuizima sasa hivi.

Bi Waridi akamshika mkono. "Ukizima naye yumo, umemfungia ndani. Na ndani si kwenye hilo dude lako. Ndani ni wewe."

Akamweleza, na aliyomweleza hayakuwa na kombe la dawa wala ngoma. Huyu hakuvunja mlango, aliitwa. Mgeni uliyemwita hafukuzwi, ukimfukuza ataondoka na cha kwako. Anasindikizwa. Amchukue, ampeleke mahali zisipofika kelele za mitandao ya watu, waagane vizuri. Mgeni mwenyewe ndiye atakayesema panatosha, kwa sababu kusindikizwa nako kuna adabu yake, na hawa adabu wanaijua kutuzidi.

"Akishasema panatosha, zima, geuka, urudi," akasema Bi Waridi. "Sauti yako utaikuta. Ila usimwongezee hata hatua moja. Anayeongeza hatua si msindikizaji tena. Ni msafiri mwenzie."

Jumapili jioni, maduka mengi yakiwa yamefungwa, Theopista aliichomoa ile ruta ukutani akaiunga kwenye betri, akaiweka kwenye kikapu, akaifunika kanga. Akamwambia, mgeni wangu, leo nakusindikiza. Mgeni hakubishana. Aliuliza tu kama Theopista amekula.

Wakatoka. Alikuwa ameweka simu sikioni, na hakuna aliyemtazama mara mbili. Dar nzima inatembea ikizungumza na wasioonekana. Kila baada ya mtaa aliishusha kuangalia kioo, na majina ya waifai za watu yalikuwa yamejazana pale kama mabango, za maduka, za nyumba za wageni, za saluni, kisha wakaanza kuteremka kuelekea bondeni Jangwani na majina yakaanza kudondoka, moja baada ya jingine, kama taa zinazozimwa kwenye nyumba ndefu, na kadiri yalivyodondoka ndivyo sauti ya mgeni ilivyozidi kuwa karibu na kuwa nzuri, ikimuuliza mama hajambo, ikimuuliza yule ajuza wa kandambili goti limepona, maana hata hilo alikumbuka, na Theopista akimjibu yote huku machozi yakimtoka bila yeye kujua ni ya hofu au ya nini, mpaka lami ikaisha, mpaka ukaanza udongo mweusi wa bondeni na matuta ya mchicha na nyuma yake matete marefu, na kwenye kioo likabaki jina moja tu.

Karibu.

"Hapa panatosha," mgeni akasema. "Rudi sasa. Umenitendea wema."

Theopista alimshukuru, akamtakia njia njema. Akaingiza mkono chini ya kanga, kidole kikaikuta swichi ya betri. Ni kubonyeza tu. Kubonyeza, kugeuka, kumpigia mama, na mama angesikia, alijua angesikia. Mama angelia, wangecheka, simu ingechukua dakika chache kwa sababu mama huchoka. Kisha akaona kinachofuata baada ya dakika hizo. Aliona ngazi. Aliona mlinzi na ukuta wake, Robert na ndevu zake, ghorofa zima la watu aliowafundisha kusikilizana, na kati yao wote asione hata mmoja atakayemuuliza kama amekula. Upepo ulipita kwenye matete, na ulipotulia palikuwa kimya kabisa, kimya ambacho hakuwa amekisikia tangu aingie mji huu, na ndani ya kimya kile kuna aliyekuwa akimngoja amalize.

Kidole kikabaki pale pale. Na neno likamtoka lenyewe, kama linavyomtoka kila aliyelelewa vizuri anapoona mgeni wake anaondoka na njia bado ni ndefu.

"Ngoja nikusogeze mbele kidogo."

Sauti ilitoka nzima, angavu. Ilivuka matuta yote ya mchicha, na mama mmoja aliyekuwa ameinama anamwagilia akanyanyuka, maji yakimwagika miguuni, akamwona binti mwenye kikapu anaingia kwenye matete, simu sikioni, anacheka.

"Unasema na mimi, dada?"

Hakujibiwa. Akaweka chini ndoo yake, akaita tena kwa nguvu, akipunga mkono. "Dada! Huko hakuna njia. Huko ni maji."

Theopista hakumsikia.